Anayeingia Bila Jina

Columbia, Maryland
3 Februari 2025

Mama Hardy,

Kuna sauti moja niliyotoka nayo jikoni kwako mwezi wa Agosti, na mpaka leo haijaniacha. Ni ule mlio wa kisanduku kilichokaa juu ya friji, mdogo, kama kijiko kinachogusa ukingo wa bilauri mara moja. Kila kilipolia, mtu mzima mahali fulani alitaja jina lake na kilima alikozaliwa. Mlio, "Anatoli wa Gitaza." Mlio, "Rosemary wa Gihosha, na mvua imeninyeshea." Mlio, "Elisante wa Machame, nipisheni." Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikisikiliza.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Jeptoo, binti wa kaka yake Serah, yule muuguzi unayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Ninasomea historia chuo kikuu, na tasnifu yangu inahusu simu za wakulima wa huku Maryland katika miaka ya 1890: jinsi zilivyopewa leseni na kutozwa kodi. Najua ni habari inayowachosha watu. Shangazi huniita Mama Nguzo.

Lakini sikiliza kidogo. Kulikuwa na mahali palipoitwa Mill Hollow, wakulima wa tumbaku watupu. Walivuta waya juu ya nguzo za uzio wa ng'ombe, shamba hadi shamba. Mmoja akizungusha mkono wa simu yake, kengele ililia katika kila nyumba, na wote wakanyanyua. Mwaka 1898 kaunti ikawaandikia: je, hii ni kampuni? Kama ni kampuni, leseni iko wapi?

Nimekumbuka hayo kwa sababu Shangazi ameniambia nawe umepata karatasi ya ofisi ya leseni, inayouliza swali hilo hilo kuhusu kisanduku chako. Ninaomba uniruhusu nikusaidie kuijaza. Na ukikubali, ningependa sura ya mwisho ya tasnifu iwe juu ya laini yako, bila kutaja jina lako.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa Shangazi anasema hupendi mambo ya laini yazungumzwe kwenye simu. Atakuletea mwenyewe.

Mpe Mzee Anatoli pole ya goti.

Wako,
Jeptoo

*

Langley Park
9 Februari 2025

Mwanangu Jeptoo,

Nakukumbuka sana. Wewe ni yule msichana aliyekunywa chai kama mtu anayefanya mtihani. Nilimwambia Serah, huyu mtoto anawaza mpaka atapasuka.

Kweli mambo ya laini siyasemi kwenye simu. Wazee wangu wana masikio, na Elisante ana mdomo.

Sisi si kampuni. Kampuni ina bosi, tena ina gari lenye jina ubavuni. Mimi nina friji. Kile kisanduku alinitengenezea Hardy kabla hajaondoka. Aliona wazee wa kanisa wanakaa peke yao kwenye apatimenti kutwa, watoto wao kazini, wajukuu wanajibu kwa Kiingereza, na zile simu za kutelezesha kidole zinawashinda. Sasa wanapiga namba moja, saa moja jioni, wanaingia. Tunapeana habari, tunasali, tunatoka. Hakuna anayelipa. Rosemary analeta ndagala, dagaa wa kwetu. Elisante analeta maneno.

Sheria ni moja tu: ukiingia, sema jina lako na kilima chako. Nilitoka nayo kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Ulipokaribia kibanda cha mtu hukubisha kwanza, ulisema wewe ni nani na umezaliwa kilima gani, ili mwenyewe asiogope. Mtu ambaye hakusema, watu walishika mapanga.

Lakini nikuambie jambo. Tangu Septemba yupo anayeingia bila jina. Kisanduku kinalia, tunangoja, kimya. Anakaa mpaka sala ya mwisho, halafu anatoka. Elisante alitaka tumfukuze. "Huyo ni mwizi wa benki!" akasema. Nikamjibu, "Mwizi gani anavumilia habari za tumbo lako kila jioni?" Wote wakacheka, na yule asiye na jina akabaki.

Mimi namjua. Hardy aliondoka hapa tukiwa tumegombana, na nilimwambia neno ambalo mama hamwambii mtoto. Hajanipigia tena, na namba yake imekufa. Lakini namba ya kisanduku aliitengeneza yeye. Mtu anaweza kuwa na aibu ya kusema jina lake na bado akataka kusikia kwao.

Kwa hiyo jaza hizo karatasi, mwanangu, wala usiogope. Kama inatakiwa leseni, nitachukua leseni. Sitaki mtu wa ofisi yoyote aje kuikata laini hii.

Na goti la Anatoli nani alikuambia? Limeanza majuma mawili tu yaliyopita. Serah alikuwa likizo.

Mama Hardy

*

Columbia
16 Februari 2025

Mama Hardy,

Habari za goti nilizipata kanisani, sikumbuki kwa nani.

Nimeisoma karatasi ya ofisi mara nyingi, na nataka uelewe kilichomo, kwa hiyo nirudi kidogo Mill Hollow. Kesi ile ilifika kortini, na nimeishika kwa mikono yangu, kule Upper Marlboro, kwenye sanduku linalonuka panya. Mtu wa kodi alitaka kuhesabu nguzo. Wakulima wakamwambia zile ni nguzo za ng'ombe, waya umepanda juu tu kama mmea unaotambaa. Akawauliza, "Sasa ng'ombe ndiye anayezungumza?" Mkulima mmoja akajibu, "Anazungumza kuliko wewe." Imeandikwa hivyo. Jaji aliamuru neno hilo lifutwe, na karani akaliandika kwanza ndipo akalifuta.

Mwishowe jaji aliacha nguzo akauliza swali moja. Je, yupo mtu anayeitumia laini hii ambaye ninyi hamumjui? Kama wote mnajuana kwa majina, alisema, nyinyi ni majirani mnaoongea, na maongezi ya majirani hayana leseni. Kama mgeni anaweza kuingia, basi laini ni ya watu wote, na laini ya watu wote ni kampuni. Wakulima walikuwa waaminifu. Wakakiri kwamba muuza mbegu mmoja, mpita njia, alikuwa akilala ghalani kwa mmoja wao na kunyanyua simu ili asikilize. Mgeni mmoja tu. Wakapewa leseni na kutozwa kodi ya kila nguzo, hata zile zilizooza.

Karatasi yako ina swali linalofanana na hilo. Inauliza kama yupo mtumiaji asiyefahamika kwa mwenye laini. Ukijibu Hapana, mambo yanaishia hapo. Ukijibu Ndiyo, unakuwa kampuni ya simu, na leseni na kodi vinakufuata kila mwaka.

Nimejibu Ndiyo. Umeniandikia mwenyewe kwamba yupo.

Mama Hardy, huenda si Hardy. Ninasema huenda. Sitaki uweke moyo wako wote mahali ambapo hujui kuna nini. Kama ungeweza kuwaza kwamba ni mtu mwingine tu, mtu mpweke ambaye hana nia mbaya, je, bado ungetaka leseni?

Nijibu hilo kabla sijaipeleka.

Jeptoo

*

Langley Park
19 Februari 2025

Mwanangu,

Unaandika vizuri lakini unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Yupo, na sitamkana kwenye karatasi. Peleka.

Mama Hardy

*

Juu ya meza ya jikoni, Columbia
20 Machi 2025

Jeptoo,

Nakuandikia hapa kwa sababu nikirudi umelala na ukiamka mimi ndio nalala. Tunaishi kama wapangaji wasiopatana. Kuna sukuma wiki kwa friji, ile sufuria ya bluu, na usile na mkate kama mzungu, kuna unga.

Sasa sikia. Huyu Mama Hardy amechukua shifti za wikendi zote. Ati ni ya leseni na kodi ya kampuni. Jana amesinzia akiwa amesimama, akimvalisha mgonjwa soksi. Mgonjwa ndiye alimshika asianguke! Kazini wanamwita Madam Director. Anacheka, lakini miguu imefura nikaona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Dada, si ufunge tu hiyo laini, watu wahamie WhatsApp?" Aliniangalia kama nimemwambia azike mtu aliye hai.

Wewe ndio msomi wa hizi vitu. Wewe ndio ulijaza hizo makaratasi. Mweleze.

Na mbona kila nikiwa off, saa moja jioni unajifungia chumbani? Kama ni kijana, mlete nimwone meno. Kama ni hiyo PhD, iambie nayo ile chakula.

Shangazi yako,
Serah

*

Langley Park
6 Aprili 2025

Mwanangu Jeptoo,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Juzi Ijumaa tulikuwa wote kwenye laini. Tulipomaliza kumwombea dada yake Rosemary, nilisikia tu mdomo wangu unafunguka. Nikasema, "Wewe unayeingia bila jina, sikulazimishi kitu. Nataka kujua moja tu. Umekula leo? Kama umekula, gonga mara mbili."

Tukangoja. Hata Anatoli aliacha kukohoa, na huyo hajawahi kuacha tangu nimjue.

Mwanangu, aligonga. Mara mbili. Polepole, kama ukucha juu ya kitu kigumu.

Rosemary alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akakanyaga sakafu. Elisante, yule yule wa mwizi wa benki, analia kama mtoto na kusema, "Amekula, bwana, amekula!" Mimi sikulia. Nilishika friji kwa mikono miwili.

Unajua kwa nini niliuliza chakula? Kwa sababu siku ile tulipogombana, nilimwambia chakula cha nyumba hii si chake tena. Ndilo hilo neno. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Barua ya ofisi imefika. Leseni iko tayari, inangoja sahihi yangu Jumatatu ya tarehe 14. Serah anasema nimechoka. Nimechoka, ndiyo. Lakini sasa najua ninachochokea. Hata wakinitoza kodi ya kisanduku, ya friji na ya ndagala za Rosemary, nitalipa.

Utanisindikiza siku hiyo? Wewe ndiye uliyenifungulia njia. Nitavaa kitenge changu cha Pasaka.

Mama yako wa pili,
Mama Hardy

*

Langley Park
12 Aprili 2025

Jeptoo,

Jana ulisimama mlangoni kwangu ukasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Kwamba ni wewe. Kwamba namba uliisoma kwenye friji yangu siku ile ya chai. Kwamba mwanzoni uliingia kwa ajili ya kitabu chako, uandike jinsi wazee wanavyoongea, na baadaye uliendelea kuingia, na hujui kwa nini. Nilikufungia mlango. Sijutii.

Kambini mtu aliyekaa gizani nyuma ya kibanda kusikiliza watu wakisali tulimpa jina. Sitakuandikia jina hilo kwa sababu Serah ni rafiki yangu.

Lakini nimefikiri tangu jana. Nimeyapanga maneno yako yote moja moja. Ulisema ulisikiliza. Hukusema uligonga. Mtu aliyekuja kuungama asingeacha hilo.

Na watu wawili wanaweza kuingia pamoja. Kisanduku kikilia mara mbili kwa haraka, sisi tunasikia mlio mmoja. Basi wewe ulikuwa unasikiliza, sawa, Mungu anakuona. Aliyegonga ni mwingine.

Jumatatu nitatia sahihi. Usije.

Nahimana

*

Columbia
14 Aprili 2025, mchana

Mama Hardy,

Serah ataikabidhi barua hii mkononi mwako, na nimemwomba asiondoke mpaka umalize kuisoma. Yeye anajua yote sasa. Nilipomweleza alizima jiko, akakaa, akasema, "Na mimi nilidhani una kijana."

Mengi ya hapa umekwisha kuyasikia, ila nataka yawe na maneno, maana jana sikuwa nayo.

Ijumaa ya tarehe 11, pale mlangoni, nilikuwa nimepanga kusema mambo mawili. Nilisema moja. Ulikuwa umevaa kile kitenge cha Pasaka, unakipima, pini zikiwa mdomoni. Nilipofika kwenye la pili niliona jinsi ulivyouzuia mlango kwa mguu wako uliovimba, nikameza. Nikajiambia ni huruma. Nimejichunguza tangu wakati huo na sikuona huruma popote. Niliona tu mtu anayetaka kuchukiwa kidogo kuliko anavyostahili.

Barua yako ilipofika jana nikaelewa nilichokuachia. Nilikuwa nimekunyang'anya mtoto kwa mkono mmoja na kukurudishia kivuli chake kwa mwingine, na wewe ulikuwa unakwenda kukitilia sahihi kivuli hicho, kila mwaka, kwa miguu yako.

Nitakuambia kilivyokuwa, wala si ili kujitetea. Ijumaa ile uliyouliza nilikuwa kitandani na sahani ya wali na maharage mapajani. Nilikuwa nimekula. Uliuliza, na kidole changu kikajibu kabla yangu, juu ya ubao wa kitanda. Nilijibu kama mtoto anayeulizwa na mama yake, na si mimi uliyekuwa ukimwuliza. Halafu nikasikia vigelegele vya Rosemary. Hapo ningeweza kusema jina langu. Lilikuwa kinywani. Nikakata simu, nikamaliza wali wangu. Nataka ujue hilo pia, kwamba niliumaliza.

Na kuna la karatasi, ambalo hukunishtaki nalo kwa sababu hukulijua. Swali lilikuwa, je, yupo mtumiaji asiyefahamika. Siku niliyojibu Ndiyo, mimi peke yangu katika dunia hii nilijua kwamba jibu la haki ni Hapana. Mgeni aliyekufanya uwe kampuni nilikuwa mimi, na kalamu iliyoandika hivyo ilikuwa yangu. Kwenye semina yetu chuoni walinisifu. Walisema nimepata muuza mbegu aliye hai. Nilicheka pamoja nao.

Ndiyo maana jana jioni, wewe ukiwa umetoka kanisani, nilipiga namba yako ya nyumbani, ile ya kawaida, isiyopita kwenye kisanduku. Nilijua ukisikia maneno yangu utaweza kuyabishia, kwa sababu nilikwisha kukudanganya kwa maneno. Nikasema, "Jeptoo, wa Kaptarakwa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kilima changu kwako. Kisha nikagonga ubao wa kitanda, kama nilivyogonga ile Ijumaa.

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa. Nilisikia ukivuta kiti. Ukasema, "Nimesikia," ukakata.

Sikulala vizuri, na leo asubuhi nilitangulia ofisi ya leseni kabla mlango haujafunguliwa. Nilikuwa naogopa utakuja na nilikuwa naogopa hutakuja. Hukuja. Karani ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikamwambia mimi ndiye niliyejaza fomu ya Bi Nahimana, na kwamba kuna jibu moja la uongo, na uongo ni wangu. Akauliza jibu lipi. Nikamwonyesha. Akauliza, "Sasa huyu mtu asiyejulikana amejulikana?" Nikasema ndiyo. "Ni nani?" Nikataja jina langu, na kwa mazoea niliyoyapata kwenye laini yako, nikataja na kilima. Akaandika jina. Kilima hakukiandika, fomu haina nafasi yake. Nilitia sahihi chini ya maneno hayo. Kisha akalipitishia mstari neno kampuni na kusema hakuna tena kitu cha kutozwa kodi hapa, ni majirani tu. Alilisema kama jambo dogo. Hiyo laini haidaiwi leseni na mtu yeyote, na wikendi yako ni yako.

Msimamizi wangu nimemwandikia kwamba sura ya mwisho haipo. Nimefuta kila nilichonukuu kutoka kwa Anatoli, Rosemary na Elisante. Tasnifu itaishia mwaka 1899, kwenye nguzo zilizooza.

Siombi msamaha katika barua hii. Ukitaka kunisemesha siku moja, Serah anajua nilipo. Usipotaka, nitaelewa.

Jambo la mwisho nimekwisha kulifanya. Pale pale mbele ya dirisha la karani, kabla sijatoka, niliifuta namba ya kisanduku kwenye simu yangu na kuizuia isipigike tena. Saa moja jioni, leo na siku nyingine zote, kisanduku kikilia na aliyeingia asitaje jina, jueni kwamba si mimi.

Jeptoo wa Kaptarakwa